Mtu aliye chini ya mti: siku tano kati ya Paris na Barbizon

Jumatatu

Kikao kilichonileta Ulaya kiliisha Ijumaa kule Brussels. Ndege ya kurudi ni Ijumaa hii usiku. Katikati nimebakiwa na siku ambazo hakuna mtu wa kunidai, nikapanda treni ya asubuhi kuja Paris kwa mpwa wangu anayesoma hapa. Chumba chake ni kitanda, meza, na dirisha linalotazamana na dirisha la jirani. "Shikamoo mjomba. Wewe utalala kitandani, mimi nitatandika chini." Nimekataa mara mbili, mara ya tatu nikakubali. Mgongo wa miaka hamsini na sita hauna ubishi mrefu.

Nimemwambia nina haja moja tu mjini humu. Mnara wa Eiffel nitauona nikipita, usiponikimbia. Ninachotaka ni picha iliyokuwa ukutani kwa bibi yangu, Njombe: mume na mke wamesimama shambani jioni, vichwa vimeinama, jembe limelala. Bibi aliiita "Malaika wa Bwana", kwa jina la sala inayosaliwa kengele ikilia. Ya kwake ilikatwa kwenye kalenda, ikapigwa na moshi wa jikoni miaka na miaka mpaka ile jioni ya pichani ikawa usiku. Nilikuwa mtu mzima nilipopata kujua kwamba aliyeichora ni Mfaransa, Jean-François Millet, na kwamba picha yenyewe ipo Paris, katika makumbusho ya Orsay.

Mpwa wangu alitaka aangalie kwanza kwenye simu kama wamefungua. Nikamwambia jumba kubwa namna ile haliwezi kufungwa siku ya kazi. Tumefika saa nane mchana. Jumatatu hufungwa.

Hakusema neno, ila alicheka hadi akashika nguzo. Tumekaa ukingoni mwa mto Seine tukala mkate na jibini, tukilitazama jengo kwa nje. Lilifunguliwa mwaka 1900 kama stesheni ya treni, na saa zake kubwa bado zipo ukutani kana kwamba kuna abiria wa kuwahisha. Likawa makumbusho mwaka 1986.

Jumanne

Kwanza niseme la bibi.

Picha yake ni ndogo. Sentimita 55 na nusu kwa 66. Nilikuja na kumbukumbu ya mtoto aliyekuwa akiitazama kutoka mkekani, nikategemea ukuta mzima. Halafu nikaona kwamba jembe nililolikumbuka halipo. Kilichochomekwa ardhini kando ya mume ni uma wa shamba, wa kuchimbulia viazi. Kikapu kipo miguuni pa mke, kina viazi kidogo, na nyuma yake toroli lina magunia mawili. Bibi alilima viazi mviringo maisha yake yote chini ya picha ya watu wanaovuna viazi mviringo, na sikumbuki hata siku moja akilitaja jambo hilo. Labda kwake halikuwa la kutajwa. Shamba ni shamba.

Kifaransa inaitwa *L'Angélus*, na Millet aliifanya kati ya 1857 na 1859. Mmarekani aliyeiagiza hakuja kuichukua. Mwaka 1889, mchoraji akiwa kaburini miaka kumi na minne, ilipigwa mnada kwa faranga 553,000, ikaenda Marekani, kisha tajiri wa maduka makubwa, Alfred Chauchard, akainunua tena kuirudisha Ufaransa. Mwaka 1932 mtu mmoja aliichanachana kwa kisu. Imeshonwa vizuri, sikuona kovu. Nimesimama mbele yake kama robo saa. Nimesali ile sala kimoyomoyo, yote, kwa niaba ya bibi. Basi, haja yangu ilikuwa imeisha, na ilikuwa saa tano na nusu tu.

Tukapita kwa *Les Glaneuses*, wanawake watatu waokotao masazo nyuma ya wavunaji, ya 1857. Watu hujazana hapo. Kitabu cha Ruthu kinaijua kazi hiyo, na mtu yeyote aliyepita kwenye konde la mwenzake baada ya mavuno anaijua pia. Ukitazama kwa mbali, kule juu penye mwanga, kuna marundo ya ngano marefu kama nyumba, mkokoteni, na msimamizi juu ya farasi. Wale watatu mbele hawana hata fungu moja la kueleweka. Ilipoonyeshwa, matajiri wa Paris hawakuipenda. Mapinduzi ya 1848 hayakuwa na hata miaka kumi, na mwanamke maskini aliyechorwa mkubwa namna ile walimwona kama tishio. Ila mpwa wangu alikuwa ameshachoka kusimama, akaniomba tukanywe kahawa.

Ndipo, tukielekea kwenye kahawa, nikaiona nyingine.

Sikuwa nimeisikia kamwe. Imeandikwa *Le Printemps*, yaani majira ya kuchipua, 1868 hadi 1873, Millet yuleyule. Sentimita 86 kwa 111. Haina watu. Ndivyo nilivyodhani kwa dakika tano nzima. Kuna njia ya udongo inayoanzia miguuni pako, inapita kwenye matuta ya mboga, inaingia katikati ya miti ya matunda iliyochanua. Mvua imekatika punde hivi. Mbingu bado nyeusi, nyeusi ya kutisha, na juu yake upinde wa mvua, si mmoja, miwili, wa pili hafifu kama mwangwi. Ndege weupe wanapita mbele ya weusi ule. Nyasi zimelowa, na jua limezipiga kwa pembeni mpaka kijani chake kinaumiza jicho.

Mimi nina kitalu cha miche. Parachichi zaidi, na mitofaa, ambayo kwetu Njombe kila mtu huiita miepo. Kwa hiyo nilianza kuitazama picha ile kama mtu aliyeingia shambani kwa jirani: miti imepandwa kwa nafasi gani, mashina yamepinda upande gani, nani anapalilia. Mti uliochanua namna ile, maua yanatangulia na majani yanafuata. Na hapo ndipo jicho lilipofika mwisho wa njia, chini ya mti mkubwa, nikamwona. Mtu. Amesimama amejikinga. Ukimfunika kwa ncha ya kidole kidogo haonekani tena.

"Mpwa, kuna mtu pale."

"Wapi?"

"Pale."

"Mjomba, usiguse!"

Askari wa makumbusho alishaanza kusogea. Nikarudisha mkono mfukoni.

Millet ndiye mchoraji aliyewakuza wakulima. Aliwachora wakubwa, wazito, wamejaa picha nzima, akagombana na mji kwa ajili hiyo. Halafu uzeeni anafanya picha ambayo mkulima ni punje. Maelezo yote niliyosoma usiku huu kwenye simu yanazungumzia tumaini: mvua imepita, upinde umetoka, uhai unarudi. Sikatai. Lakini yeyote mwenye miti ya matunda anajua dhoruba ya wakati wa maua maana yake nini. Ua likidondoka, tunda limekwenda. Mwaka juzi, Oktoba, mvua ya mawe ilinipitia kwa muda wa kuchemsha chai, na asubuhi chini palikuwa peupe kuliko juu. Mtu yule hajajikinga tu. Anahesabu.

Jumatano

Nimemwacha mpwa na masomo yake, nikaenda peke yangu Barbizon, kijiji ambako picha zote zile zilifanyiwa. Treni kutoka stesheni ya Lyon (ipo Paris hapahapa, jina lisikupoteze) hadi Fontainebleau ni kama dakika arobaini. Kuanzia hapo ni teksi. Mabasi ni ya kuvizia. Reli ilifika Fontainebleau mwaka 1849, na mwaka huohuo ndipo Millet alipoihama Paris yenye kipindupindu akiwa na mke na watoto. Alisema anakwenda kwa muda. Akakaa hadi kufa, 1875.

Barbizon ni barabara moja. Inaitwa Grande Rue, Barabara Kuu, na siku zile hapakuwa na nyingine ya kuishindanisha nayo. Upande mmoja inaishia kwenye makonde, upande wa pili inaingia msituni. Leo ni hoteli, maduka ya picha, na magari ya bei. Kila nyumba ya tatu ina kibao cha mchoraji aliyeishi humo. Nimekunywa supu kwa bei ya mbuzi.

Ila nyumba ya wageni ya Ganne imenilipa. François Ganne na mkewe Edmée walikuwa wakilaza wachoraji na kuwalisha tangu 1834, kwa bei ambayo vijana wasio na kitu waliimudu. Mvua ikiwafungia ndani, wageni walichora kwenye chochote kilichokuwa karibu: milango ya makabati, kuta, mbao za vitanda. Sasa ni makumbusho, na makabati yale bado yapo. Nilipenda kabati kuliko picha nyingi zenye fremu za dhahabu. Linaonyesha watu waliokuwa na njaa na muda.

Inafaa kujua kwamba kuchora nje, katikati ya miti, ilikuwa kazi ngumu kabla ya hapo. Rangi ya mafuta ilifungwa kwenye vibofu vya nguruwe, ukikitoboa hakifungiki tena. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand akapata hati miliki ya tyubu ya bati yenye kifuniko, kama ya dawa ya meno. Treni, tyubu, na sahani ya Mama Ganne: hapo ndipo shule nzima ya uchoraji ilipoota.

Millet mwenyewe, lakini, hakuwa mtu wa kubeba turubai porini. Alitembea, akatazama, akaandika mistari michache ya penseli, akarudi kuchora ndani kwa kumbukumbu. Alikuwa mtoto wa mkulima wa Normandy na alishika jembe hadi ujanani. Hakuhitaji mtu amsimamie mbele ili ajue mgongo unapindaje.

Hapa nimekutana na hadithi iliyonifurahisha kuliko zote. Rafiki yake mkubwa kijijini alikuwa Théodore Rousseau, mchoraji wa miti. Miaka mingi waamuzi wa maonyesho makuu ya Paris, Salon, waliikataa kazi ya Rousseau, hata akabandikwa jina la Mkataliwa Mkuu. Mwaka 1855 mambo yake yalikuwa yamenyooka kidogo, ya Millet bado. Millet akachora mkulima anayebebesha mti wa matunda, yaani anaunga kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, mkewe amesimama na mtoto mkononi akitazama. Akaja mnunuzi, Mmarekani fulani, akatoa faranga 4,000. Mmarekani hakuwepo. Alikuwa Rousseau, aliyejua kwamba rafiki yake asingepokea msaada.

Ubebeshaji ndio unaonilisha. Unakata kwa mshazari, unaoanisha ganda kwa ganda, unafunga nailoni, unasubiri siku ambazo huwezi kuzifupisha. Na picha hiyo hasa ndiyo Rousseau aliyoichagua kwa kumbebesha mwenzake bila yeye kujua. Sijui kama aliuona utani huo. Nimetembea na kucheka peke yangu Barabara Kuu nzima.

Jioni nimesimama nje ya nyumba ya Millet. Inasemwa *Le Printemps* ilitokana na bustani ya nyuma. Ukuta ni mrefu. Nimeona matawi yakichungulia, basi.

Alhamisi

Hakuna wingu. Nilikuwa nimeota mvua, na nilikuwa nimebeba mwavuli wa mpwa wangu kwa matumaini.

Mwisho wa kijiji msitu unaanza ghafla, bila vichaka vya kuaga. Karibu na mlango wake kuna jiwe kubwa lenye sahani ya shaba: nyuso mbili, Millet na Rousseau, kazi ya Henri Chapu, 1884. Msitu wa Fontainebleau una zaidi ya hekta 17,000, na ardhi yake ni mchanga uliotapika mawe. Mawe ya kila umbo, mengine kama ng'ombe waliolala. Sehemu ya barabara za Paris zilitandikwa kwa mawe yaliyochongwa hapa. Siku hizi vijana wanakuja kuyapanda bila kamba. Nimekutana na kundi limebeba magodoro mgongoni, nikadhani wanahama.

Mialoni ya Bas-Bréau, sehemu ya msitu huu, ndiyo Rousseau aliyokuwa akiichora kana kwamba ni watu wazima wa kijiji. Serikali ilikuwa ikiikata na kupanda misonobari, inayokua upesi na kuuzika upesi. Rousseau alichora ukataji huo akaupa picha jina la *Mauaji ya Watoto Wasio na Hatia*, kama ya Herode. Mwaka 1852 akapeleka malalamiko serikalini. Mwaka uliofuata hekta 624 zikaachwa bila shoka, na tarehe 13 Agosti 1861 amri ya Napoleon III ikatenga hekta 1,097 kwa sababu ambayo haijawahi kuandikwa kwenye sheria yoyote ya msitu niliyopata kuisoma: ni pazuri, na wachoraji wanapahitaji. Hiyo ni miaka kumi na mmoja kabla ya hifadhi ya Yellowstone ya Wamarekani.

Nimefuata alama za bluu. Zilianzishwa na Claude-François Denecourt, askari wa zamani wa Napoleon wa kwanza, aliyejitolea kuchora njia za miguu msituni kuanzia miaka ya 1840 kwa fedha yake mwenyewe. Msitu unaouona wa porini kabisa umechongewa vijia, umetajwa majina mwamba kwa mwamba, na kuuzwa kwa vijitabu vya mfukoni. Hakuna kitu hapa kilichoachwa kiwe asili tu. Kilipiganiwa, kikapangwa, kikatunzwa. Ni kama miepo ile pichani.

Nikikaa kwenye jiwe nikala tofaa la dukani (halikuwa na ladha, la kwetu linalishinda), nikakumbuka niliyoyasoma jana usiku. *Le Printemps* haikuwa peke yake. Frédéric Hartmann, mwenye viwanda vya nguo kutoka Alsace, aliagiza majira manne mwaka 1868, miezi michache baada ya Rousseau kufariki. Vita na Prussia vikaingia katikati, Millet akakimbilia Cherbourg na familia, akarudi mwishoni mwa 1871. Kazi ikachukua miaka mitano na zaidi. Leo majira yametawanyika kama watoto wa mjane: kuchipua Paris, kiangazi Boston, vuli na marundo yake New York, na baridi Cardiff, haijakamilika. Hiyo ya baridi inaonyesha wanawake wametoka msituni wameinama chini ya mizigo ya kuni. Msitu huuhuu. Kwa hiyo Millet, tofauti na rafiki yake, hakuwasahau wenye haja na mti uliokufa. Rousseau aliuombea mti usimame. Millet alijua pia nani atapika nini jioni. Nisingependa kuchagua kati yao. Kwetu tumeona hifadhi zinazowafukuza waokota kuni, na tumeona vilima vilivyobaki vipara.

Mchana nimetembea hadi Chailly, kama nusu saa, kwenye tambarare iliyo wazi. Kwa mbali mnara wa kanisa, uleule wa picha ya bibi, kule nyuma kabisa ya mume na mke. Mashamba bado mashamba. Trekta lilikuwa likipita na tanki la dawa, dereva akanipungia mkono. Millet na Rousseau wamezikwa karibu karibu katika makaburi ya kijiji hiki, kwa sababu Barbizon ilikuwa kitongoji tu cha Chailly mpaka 1903. Nimeng'oa gugu moja juu ya kaburi, mazoea ya mkono.

Hapa Chailly ndipo mchoraji Monet, angali kijana, alipokuja mwaka 1865, akaumia mguu, na rafiki yake Bazille, mchoraji pia, akamchora kitandani, ndoo ya maji ikimdondokea mguuni. Nimechelewa treni kwa sababu ya kumtafakari mgonjwa huyo. Mwavuli nimeusahau kwenye benchi, nikarudi kuuchukua.

Ijumaa

Ndege ni usiku. Nimemwomba mpwa saa moja ya Orsay, naye amenipa, japo ana mtihani wiki ijayo.

Mara hii nilinyamaza nikamwacha atazame. Alisogea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa.

"Huyo mtu wako anasubiri mvua iishe, mjomba. Hana zaidi."

"Mvua imeshaisha. Upinde huo hapo."

"Basi haamini kama imeisha."

Nilitaka kumwambia habari za maua. Nikamtazama, mtoto wa mjini, dirisha linalotazamana na dirisha, nikaona jibu lake halina kasoro. Nilichotazama zaidi leo ni ardhi chini ya miti. Nilikuwa nikitafuta maua yaliyodondoka. Yapo madoa meupe nyasini, machache, yanaweza kuwa maua, yanaweza kuwa magugu yenye ua. Kwa hesabu yangu mavuno ya mwaka ule hayakuwa mabaya.

Dukani kadi za *L'Angélus* zimejaa rafu nzima, pamoja na vikombe, miavuli na soksi. Nimenunua moja, ya kaburi la bibi nitaiweka kwenye nailoni. Ya *Le Printemps* zilibaki mbili. Nimechukua zote, moja ya ukuta wa kitalu, moja ya mpwa. Tulipotoka nje kwenye mwanga nikagundua kwamba kwenye kadi mtu yule haonekani. Uchapaji umemmeza, kuna mti tu na kivuli. Mpwa akanipa kalamu. Nimegeuza kadi, nikaishikilia dhidi ya jua, nikatia nukta nyuma yake mahali pale anaposimama, ili vijana wangu wakiuliza nijue pa kuweka kidole.